Kiwanda cha lami jirani na Flint: maswali ambayo kibali cha hewa hakikuyagusa

Tarehe 15 Novemba 2021 idara ya mazingira ya jimbo la Michigan nchini Marekani, inayojulikana kwa kifupi chake EGLE, iliipa kampuni ya Ajax Materials Corporation kibali cha kujenga kiwanda cha lami moto. Kiwanja kiko Genesee Township, eneo lenye serikali yake ya mtaa nje kidogo ya mpaka wa jiji la Flint, kwenye eneo lililokwisha kutengwa kwa viwanda. Jirani yake kuna makazi mawili ya familia za kipato cha chini, River Park na Ridgecrest. Miezi miwili kabla, tarehe 16 Septemba, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilikuwa limeiandikia EGLE kwamba kukijenga kiwanda mahali pale kunaweza kuzua masuala ya haki za kiraia. Liliishauri idara ipime mzigo wote wa uchafuzi unaowaangukia wakazi wale, wa kiwanda kipya pamoja na wa vile vya zamani. Wakazi walipinga kwa maandishi na kwa mdomo. Jiji la Flint lenyewe lilipinga. Kibali kikatoka.

EGLE ilijieleza hivi: maombi yakitimiza matakwa ya sheria za hewa za shirikisho na za jimbo, idara haina mamlaka ya kuyakataa, na mahali pa kujenga kiwanda huamuliwa na serikali ya mtaa kupitia sheria zake za matumizi ya ardhi.

Naamini maelezo hayo ni sahihi kisheria, na ndiyo sababu kisa hiki kinaniuma. Anayetafuta tu nani alivunja sheria ataondoka mikono mitupu. Ni lazima kibali chenyewe kifunguliwe, mtu aone kimeulizwa nini, kimejibu nini kwa uhakika, na ni mambo gani ambayo hakikuwahi kuulizwa.

Tuanze na kazi ya kiwanda. Kokoto na mchanga huingia kwenye pipa kubwa linalozunguka, na bana iliyo mwishoni mwa pipa hutoa mwali unaozikausha. Kisha lami iliyoyeyushwa huchanganywa nazo katika joto la nyuzi 135 hadi 165 hivi za Selsiasi. Karibu asilimia 95 ya mchanganyiko ni mawe. Lami yenyewe ni ile asilimia tano inayobaki. Kwa hiyo uchafu wa kwanza wa kiwanda cha lami ni vumbi la mawe, ambalo gesi za moto hulibeba kuelekea kwenye bomba la moshi.

EPA ina mkusanyiko wa wastani wa uchafu wa viwanda uitwao AP-42, na sehemu yake ya 11.1 ndiyo inayohusu lami moto. Karibu kila mwombaji wa kibali Marekani huchota humo. Kwa kiwanda cha pipa, mkusanyiko huo unaonyesha takriban kilo 14 za vumbi kwa kila tani ya lami kabla ya kuchujwa. Baada ya gesi kupita kwenye nyumba ya mifuko ya kuchujia, vumbi linaloweza kunaswa na chujio hubaki takriban gramu 7 kwa tani. Chukua kiwanda cha tani 400 kwa saa (huu ni mfano wangu, si takwimu za Ajax). Bila mifuko kingetoa kilo 5,600 za vumbi kila saa. Chenye mifuko hutoa kilo 2.8.

Ufanisi wa kiwango hicho ni wa kustaajabisha, na humo humo kuna hatari. Fikiri asilimia moja tu ya gesi imepenya bila kuchujwa, labda kwa sababu mfuko mmoja umechanika au sili imelegea. Asilimia moja ya kilo 5,600 ni kilo 56 kwa saa, yaani mara 20 ya kiasi kilichokadiriwa. Kiwanda ni kile kile na makaratasi ni yale yale, lakini jirani anapokea kitu kingine kabisa. Ndiyo maana nikisoma kibali cha kiwanda cha lami huyaruka majedwali ya mwanzo na kwenda moja kwa moja kwenye masharti ya mifuko. Je, tofauti ya shinikizo kati ya upande mchafu na upande safi inasomwa mara ngapi, na nani anaiandika? Je, kuna kengele ya joto? Mifuko ya nyuzi za aramidi, inayotumika sana kwenye viwanda hivi, huanza kuharibika joto likipita nyuzi 200 hivi, na joto likishuka mno unyevu na asidi huganda kwenye kitambaa. Je, mifuko inakaguliwa kwa unga unaong'aa? Mafundi humwaga unga huo kwenye mkondo wa gesi, kisha huingia upande safi na taa ya mwanga wa urujuanimno, na palipovuja pote panang'aa. Kazi hiyo haina gharama kubwa, na inamlinda mtoto wa jirani kuliko kurasa nyingi za hesabu.

Kanuni ya shirikisho haidai hayo yote. Kanuni inayohusu viwanda vya lami moto, inayojulikana kama Subpart I, inavigusa vilivyoanza kujengwa au kubadilishwa baada ya tarehe 11 Juni 1973. Inaweka mambo mawili: vumbi lisizidi miligramu 90 kwa kila mita ya ujazo ya gesi kavu, na moshi usizuie mwanga kwa asilimia 20 au zaidi. Vumbi hupimwa kwa kuingiza mrija kwenye bomba, mara tatu, kila mara kwa saa moja au zaidi. Moshi hupimwa kwa macho ya mtu aliyefuzu, akiwa amelipa jua mgongo, anayeandika alichokiona kila baada ya sekunde 15. Kanuni nzima ina vifungu vinne tu. Haisemi lolote kuhusu kaboni monoksidi, mvuke wa lami wala harufu, na kipimo cha bomba inachokitaka ni kile cha mwanzo, kiwanda kinapoanza kazi. Cha mwaka wa tano au wa kumi hakimo, isipokuwa jimbo likiandike kwenye kibali chake. Hapa EGLE ilikuwa na nafasi ya kuamua, na iliitumia: kibali kilichotoka kilikuwa kikali kuliko rasimu iliyopelekwa kwa wananchi, na masharti ya upimaji yaliongezwa.

Sasa tuje kwenye tani. Mtu asiyejua taratibu za hewa za Marekani hushangaa kuona kibali kinaweka ukomo wa tani za lami kwa mwaka, kana kwamba serikali inaingilia biashara. Sababu ni hii. Chanzo kikihesabiwa kuwa kinaweza kutoa tani 100 au zaidi za kichafuzi kimoja kwa mwaka, huingia kwenye daraja la vyanzo vikubwa, lenye kibali kizito zaidi, ripoti nyingi zaidi na nafasi pana zaidi ya umma na EPA kuingilia. Hesabu hufanywa kana kwamba kiwanda kinafanya kazi saa zote 8,760 za mwaka. Kwa mfano wetu wa tani 400 kwa saa hizo ni tani 3,504,000 za lami. AP-42 inakadiria gramu 65 za kaboni monoksidi kwa tani, kwa hiyo jumla ni kama tani 228. Kiwanda kimeshakuwa chanzo kikubwa. Lakini mwombaji akikubali sharti la kutozalisha zaidi ya tani milioni moja na nusu kwa mwaka, anashuka chini ya tani 100. Hakuna kiwanda cha lami kinachozalisha saa zote, hasa Michigan ambako barabara hazijengwi wakati wa theluji, kwa hiyo sharti hilo halimwumizi hata kidogo.

Utaratibu huu ni halali na una mantiki yake. Ila jirani anapaswa kuuelewa, maana ukomo wa tani kwa mwaka haumwambii chochote kuhusu usiku mmoja wa Julai wakati kiwanda kinakwenda kwa nguvu zake zote na hewa imetulia. Ukomo wa kwa saa ndio wa kuuangalia.

Ukomo wa vichafuzi vya kawaida huangaliwa kwa mfano wa kompyuta uitwao AERMOD. Huwekewa urefu wa bomba, kasi na joto la gesi, sura ya majengo na data ya upepo ya miaka kadhaa, nao hukadiria mkusanyiko wa uchafu kwenye kila nukta ya ramani. Makadirio hujumlishwa na hali ya hewa iliyopo, kisha hulinganishwa na viwango vya taifa. Kwa vumbi laini la PM2.5, kiwango cha wastani wa mwaka wakati huo kilikuwa mikrogramu 12 kwa mita ya ujazo. Februari 2024 EPA ilikishusha hadi 9. Kibali cha Ajax kilishatoka.

Kwa kemikali zenye sumu, Michigan ina kanuni zake, na hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki. Kiwanda cha lami hutoa kwa kiasi kidogo fomaldehidi, benzini, kemikali za jamii ya masizi ambazo baadhi yake husababisha saratani, na chembe za metali kama aseniki, kutegemea kinachochomwa. Kanuni ya 225 ya jimbo inataka kila kemikali inayosababisha saratani ilinganishwe na kiwango cha kuchujia: mkusanyiko ambao mtu akiuvuta maisha yake yote unaongeza uwezekano wa saratani kwa mmoja kati ya milioni moja. Ni kiwango kikali. Mataifa mengi hayana kitu kama hicho, na sitaki kuidharau kazi ya waliokiweka.

Lakini angalia inavyohesabiwa. Kimsingi kila kemikali hupimwa peke yake, na kinachopimwa ni uchafu wa mwombaji. Fomaldehidi ya kiwanda kipya huulizwa kama imevuka kiwango chake, aseniki nayo huulizwa kivyake. Hakuna kifungu kinachouliza watu wa River Park wanavuta nini jumla, kutoka viwanda vyote vinavyowazunguka na barabara ya malori, na miili yao imeshabeba nini. Flint ni jiji la watu 81,000 hivi kwa sensa ya 2020, wengi wao weusi. Kuanzia Aprili 2014 lilinyweshwa maji ya mto ambayo hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu ya mabomba, na madini ya risasi yakaingia kwenye damu ya watoto. Kwa daktari, historia hiyo ni taarifa ya kwanza ya kuuliza. Kwa fomu ya kibali cha hewa, haina pa kuandikwa.

Barua ya EPA ya Septemba ilitaka hasa hilo lifanyike: uchambuzi wa jumla. Ulikuwa ushauri, haukuwa amri, na sheria ya jimbo haikuwa na kifungu cha kuufanya uwe sababu ya kukataa. Hata kama EGLE ingeufanya na kukuta mzigo ni mzito kupita kiasi, ingebaki na karatasi isiyo na nguvu. Hiyo si kasoro ya ofisa fulani. Ndivyo sheria ilivyoandikwa, na kisichobadilishwa na bunge hakiwezi kubadilishwa na mwandishi wa kibali.

Palikuwa na ushindi mmoja ambao haukutangazwa vya kutosha, nao ni wa mafuta. Ombi lilitaka ruhusa ya kuchoma mafuta yaliyokwisha kutumika, yaani oili chafu. Kibali kilichotoka kiliikataza. Tazama uzito wa jambo hilo: kwa AP-42, kiwanda cha pipa kinachochoma gesi asilia hutoa gramu 1.7 hivi za salfa dioksidi kwa tani ya lami. Kikichoma oili chafu hutoa gramu 29, mara 17. Zaidi ya salfa, oili iliyotoka kwenye injini hubeba metali, risasi ikiwemo. Kuchoma kitu chenye risasi jirani na watoto wa Flint kungekuwa jambo lisiloelezeka kwa mzazi yeyote. Sharti hilo lilipatikana kwa sababu watu walijitokeza kutoa maoni, na ndilo ninalowaelekeza wanaosema maoni ya umma ni kupoteza muda.

Baadhi ya mambo ambayo wakazi huyahisi zaidi hayatoki kwenye bomba kuu kabisa. Ule moshi wa rangi ya buluu na harufu kali hutoka juu ya silo za kuhifadhia lami na mahali tipa zinapopakiwa, lami ikiwa bado moto. Kadiri joto la mchanganyiko linavyopanda ndivyo mvuke unavyoongezeka, na kupunguza nyuzi chache za joto husaidia kuliko watu wengi wanavyodhani. Mahali pa kupakia panaweza kufunikwa, mvuke ukavutwa na kupelekwa kuchomwa au kuchujwa. Michigan ina Kanuni ya 901, inayokataza uchafu unaovuruga isivyo haki starehe ya maisha na mali ya mtu, na malalamiko ya harufu hushughulikiwa kwayo. Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi baada ya madhara. Mkaguzi lazima afike na anuse mwenyewe, na harufu haimsubiri.

Turudi kwenye ardhi. Eneo lile lilitengwa kwa viwanda kabla Ajax haijaomba chochote. Uamuzi huo ulikuwa wa Genesee Township, na watu wa jiji la Flint, walio ng'ambo ya mpaka, hawapigi kura ya kuwachagua viongozi wa township hiyo. Hawakuwa na sauti pale palipoamuliwa pa kujenga, na walipopewa sauti, kwenye kibali cha hewa, uamuzi wa mahali ulikuwa umeshapita. Nimesoma hoja kwamba wangekwenda kulalamika kwenye township mapema. Mwananchi gani hufuatilia ramani ya matumizi ya ardhi ya serikali asiyoichagua?

Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika eneo hilo hilo la viwanda kuna Genesee Power Station, kiwanda cha umeme kinachochoma kuni. Mwaka 1992 watu wa St. Francis Prayer Center waliilalamikia EPA kwamba jimbo liliwabagua wakazi weusi katika kukitolea kibali. EPA ilitoa uamuzi Januari 2017, takriban miaka 25 baadaye, ikikubali kwamba wakazi weusi walitendewa vibaya kuliko wengine katika ushiriki wa umma kwenye mchakato huo. Kiwanda kilikuwa kimeshafanya kazi kwa miaka mingi. Baada ya kibali cha Ajax, vikundi vya wakazi vilifungua tena malalamiko ya haki za kiraia, vikitegemea Sehemu ya Sita ya sheria ya 1964 inayokataza taasisi zinazopokea fedha za shirikisho kubagua kwa misingi ya rangi. Njia hiyo ina heshima yake, lakini inaanza kazi zege likiwa limeshamwagwa.

Kwa maoni yangu kilichokosekana Flint ni mpangilio wa maswali. Suala la mzigo wa jumla lilipaswa kuulizwa wakati wa kuchagua kiwanja, na serikali ya mtaa ishurutishwe kuwasikiliza watu wote walio kwenye njia ya upepo, hata walio ng'ambo ya mpaka wake. Lakini kuandika sheria mpya huchukua miaka, na kiwanda kikishawaka kuna kazi ya leo.

Kazi hiyo iko kwenye kumbukumbu. Vibali vya aina hii huagiza kiwanda kiandike tani zinazozalishwa, mafuta yanayochomwa na masomo ya shinikizo la mifuko. Ripoti za vipimo vya bomba hupelekwa kwa jimbo, na Michigan ina sheria ya uhuru wa habari tangu 1976, inayompa mwananchi haki ya kuziomba. Malalamiko ya harufu yaandikwe kwa tarehe, saa, mwelekeo wa upepo na kilichoonekana kwenye silo au kwenye tipa. Malalamiko kumi ya namna hiyo humpa mkaguzi mahali pa kuanzia. Ripoti ya kipimo cha bomba ikishapatikana, msomaji asianze na namba ya vumbi. Aangalie kwanza kiwanda kilikuwa kinazalisha tani ngapi kwa saa siku ya kupimwa, mawe yalikuwa na unyevu kiasi gani na mafuta gani yalichomwa, kisha alinganishe na kumbukumbu za siku za kazi za kawaida. Kiwanda kilichopimwa kikiwa nusu ya uwezo wake, kwa mawe makavu, bado hakijapimwa kwa hali ambayo majirani wanaishi nayo, na jimbo linaweza kuombwa lidai kipimo kirudiwe.